Skrubu Inayoyeyuka Ndani ya Mfupa

Wazazi wengi hutuuliza wodini: "Mtoto huyu ametiwa vyuma mguuni. Vitatolewa lini, na fedha za kumpasua tena zitatoka wapi?" Swali hilo ni la haki. Kuanguka mwembeni au mnazini, na siku hizi pikipiki, hutuletea mifupa mingi iliyovunjika.

Vyuma tunavyovizoea ni vya chuma kisichoshika kutu au titani. Vinashika vizuri, lakini haviondoki vyenyewe. Kwa mtoto anayekua, mara nyingi daktari huvitoa mfupa ukishaunga. Maana yake ni kisu cha pili na nauli ya pili kutoka Msimbati au Kitaya. Wengine hawarudi kabisa.

Ndiyo maana wataalamu wanahangaika na magnesiamu. Madini haya si mageni kwetu. Mwili wa mtu mzima una kama gramu 25, na zaidi ya nusu yake imo mifupani. Wavuna chumvi wa pwani wanayajua yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishaganda: uchungu ule, kwa sehemu kubwa, ni wa magnesiamu. (Hata sindano tunayomchoma mama mwenye kifafa cha mimba ina madini hayo hayo.)

Shida yake ni kwamba maji ya chumvi huila upesi, na damu yetu ina chumvi. Zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji alifunga mguu wa kijana kwa bamba la magnesiamu na misumari ya chuma. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limesambaratika, na hewa imejaa chini ya ngozi. Wenye meli wataelewa: metali mbili zikigusana majini, ile dhaifu huliwa kwanza.

Dawa imekuwa kuichanganya magnesiamu na metali nyingine kidogo, yaani kutengeneza aloi, ili iyeyuke polepole. Mwaka 2013 madaktari wa Hannover, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 26 waliopasuliwa kidole gumba cha mguu. Nusu walitiwa skrubu za aloi ya magnesiamu, nusu za titani. Baada ya miezi 6 hali zao zililingana. Korea Kusini nayo iliidhinisha skrubu za magnesiamu, kalisi na zinki mwaka 2015.

Tusishangilie mno. Skrubu hizi zinafaa mifupa midogo ya mkono na mguu. Paja lililovunjika bado linahitaji chuma chenye nguvu. Tena zikiyeyuka hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo kwenye picha ya eksirei huonekana kama kivuli cheusi. Asiyejua anaweza kudhani ni usaha.

Na vidonge vya magnesiamu vinavyouzwa madukani haviungi mfupa, hata ukimeza chupa nzima.

Kwa aliye na chuma mwilini leo: mtu mzima asiyesumbuliwa nacho kwa kawaida anaweza kuishi nacho. Mzazi wa mtoto, muulize daktari tarehe ya kurudi kabla hamjatoka wodini, mwandikiwe kwenye kadi, na muanze kuweka akiba mapema. Pakivimba, pakiuma upya au pakitoka usaha, msingoje tarehe hiyo.