Dirisha la Rangi Bila Kioo: Somo la Darasa Zima

Wanafunzi wawili wakikosea kipimo kwa sentimita mbili tu, mto uliochorwa na darasa zima unakatika katikati. Hilo ndilo somo kuu katika kutengeneza dirisha la rangi kwa pamoja, kazi ya sanaa inayoiga vioo vya rangi vya makanisa ya kale kwa karatasi, mafuta ya kupikia na mwanga.

Vioo vyenyewe vina historia ndefu. Kanisa la Sainte-Chapelle jijini Paris, Ufaransa, lililowekwa wakfu mwaka wa 1248, lina madirisha 15 yenye picha 1,113. Mafundi wa enzi hizo walitia madini katika kioo kilichoyeyuka: kobalti ilitoa buluu, nayo shaba ilitoa kijani au nyekundu. Vipande viliunganishwa kwa risasi. Humu nchini, mafundi wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, hutengeneza kazi za vioo vya rangi kwa vioo vilivyokwisha kutumika.

Darasani kioo hakifai, kwa kuwa kinaweza kuwakata watoto. Manila nyeusi huchukua nafasi ya risasi, na karatasi inayopitisha mwanga huchukua nafasi ya kioo. Shule isiyo na fedha za kununua karatasi za plastiki za rangi inaweza kutumia karatasi nyeupe za kawaida. Wanafunzi huzipaka krayoni, kisha hupangusa upande wa nyuma kwa pamba yenye mafuta kidogo. Mafuta hujaza nafasi za hewa kati ya nyuzi za karatasi, na mwanga uliokuwa ukitawanyika sasa hupenya.

Chukulia darasa lina wanafunzi 48. Kazi itaendelea hivi:

1. Darasa likubaliane kuhusu picha moja, kwa mfano mto unaotoka mlimani hadi mashambani.

2. Picha ichorwe juu ya manila 24 za ukubwa wa A4 zilizopangwa sakafuni, safu 4 zenye manila 6 kila moja. Kila wanafunzi wawili wapewe moja.

3. Kila manila iandikwe nambari yake na mshale wa kuelekea juu, upande wa mbele. Ikigeuzwa, kushoto huwa kulia, na hapo ndipo wengi hupotea.

4. Kabla ya makasi kuguswa, kila jozi ilinganishe kingo zake na za majirani. Mstari wa mto uishie pale pale jirani anapouanzia.

5. Ukingo ubaki na upana wa sentimita 2, na mistari ya ndani isipungue sentimita 1, la sivyo itachanika.

6. Karatasi za rangi zigundishwe kwa nyuma baada ya mafuta kukauka, kwani gundi haishiki penye mafuta mengi.

Kazi ikikamilika, itundikwe kwenye dirisha linaloelekea mashariki ikiwa itaonyeshwa asubuhi, au magharibi ikiwa ni alasiri. Gizani, taa ya sola au tochi iwekwe nyuma ya shuka jeupe ili mwanga usambae. Mshumaa na koroboi zisitumike kabisa: karatasi yenye mafuta hushika moto upesi.

Kikatiba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na somo hili linafaa kote kuwili. Watoto wa chekechea wapake rangi na kazi ya kukata aachiwe mwalimu, huku wanagenzi wa useremala wakitengeneza fremu.

Wakati wa kutoa alama, mwalimu asitazame urembo wa kila manila peke yake. Atazame pia pale manila mbili zinapokutana. Mto ukipita bila kukatika, majirani hao wawili walisikilizana.