Nyufa za Mwamba na Maji ya Kisima



Katika semina za kamati za maji, swali moja hujirudia: "Kisima cha kijiji jirani kina mita 60 na kinatoa maji tele. Chetu kina mita 110 na maji ni ya kusuasua. Je, tuongeze kina?" Somo hili linatusaidia kujibu swali hilo kabla fedha za wananchi hazijazama ardhini.

Maji hupita wapi?

Sehemu kubwa ya Dodoma na Singida imekaa juu ya miamba migumu ya kale, hasa granaiti. Jiwe zima halipitishi maji. Maji huhifadhiwa katika tabaka la juu la mwamba uliochakaa, kisha hufika kisimani kupitia nyufa. Kisima kisichokutana na ufa wenye maji ni shimo tu, hata kiwe kirefu namna gani. Tena, kadiri tunavyokwenda chini, uzito wa mwamba hubana nyufa. Kwa hiyo kuongeza kina si lazima kuongeze maji.

Mambo matatu ya kuzingatia

1. Upana. Ufa ukiwa na upana mara mbili, hupitisha maji mara 8. Hivyo ufa mmoja wa milimita 1 huzishinda nyufa saba za nusu milimita.

2. Uwazi. Ufa mpana uliojaa mfinyanzi au matope ya kuchimbia haufai kitu. Ndiyo maana kisima kipya husafishwa mpaka maji yatoke meupe.

3. Kulishwa. Ufa ni barabara. Mzigo hutoka kwingine. Kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutupora, Dodoma, ambazo uchambuzi wake ulichapishwa mwaka 2012, zilionyesha kuwa maji ya ardhini pale hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98.

Funzo kutoka visima vya mafuta

Mwaka 1947, huko Kansas, Marekani, wachimbaji walijaribu kupasua mwamba wa gesi kwa kusukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa. Shinikizo likiondoka, ufa hutaka kujifunga. Kwa hiyo wachimbaji hujaza mchanga ndani yake ili ubaki wazi. Mchanga ukisagika au ukizibwa, mapato ya kisima hushuka. Pia wamejifunza kwamba mwamba ukileta mafuta polepole, kuupanua ufa kupita kiasi huongeza gharama kuliko faida.

Visima vya maji katika granaiti navyo huweza kufunguliwa kwa shinikizo la maji safi. Kazi hiyo husafisha na kuunganisha nyufa zilizopo. Haiumbi maji mahali yasipokuwepo.

Kabla ya kupokea kisima

- Tumtake mchimbaji aandike kina cha kila ufa uliotoa maji.
- Tusiridhike na maji yanayorushwa na kompresa siku ya kuchimba. Kisima kipimwe kwa pampu kwa saa nyingi mfululizo, na kushuka kwa maji kuandikwe, pamoja na muda yanaochukua kurudi.
- Pampu ichaguliwe kwa vipimo hivyo. Pampu ya mkono huhitaji takriban lita 1,000 kwa saa. Kisima kinachotosha pampu hiyo si lazima kitoshe ya umeme wa jua.
- Maji yasivutwe mpaka yashuke chini ya ufa mkuu. Tukifanya hivyo, tunakausha mlango wenyewe wa maji.

Kijiji kinachodai karatasi ya vipimo kabla ya malipo ya mwisho hakimsumbui mkandarasi. Kinalinda ndoo za akina mama kwa miaka ijayo.

Maswali ya kujadili

1. Je, kamati yetu inayo kumbukumbu ya vipimo vya kisima chetu? Imehifadhiwa kwa nani?
2. Maji yakipungua kiangazi, tutajuaje kama ni ufa ulioziba, pampu iliyochoka au mvua haba?