SOMO LA ROBO HII: TUHESABU GHARAMA KABLA YA HARAMBEE

Masomo: Luka 14:28-30, Luka 18:1-8



Mjane wa Luka 18 hakuomba sadaka. Aliomba haki yake, na hakuwa na wa kumsemea. Hapa Nkwenda nako wapo wajane ambao mume akishazikwa tu, ukoo hudai kibanja. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi ya Ephrahim na Pastory, iliyotoka mkoani kwetu Kagera, kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawa na mwanaume. Lakini haki iliyoandikwa haimfai asiye na wa kumweleza. Ndiyo maana tunaona vema sharika zichangie vijana wanaosomea sheria.

Ila tuhesabu kwanza. Shahada ya sheria huchukua miaka 3 au 4, kutegemea chuo. Kisha anayetaka uwakili kwa kawaida hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko nako kuna ada, chakula na pango. Mkopo wa serikali haumfikii kila mwombaji. Harambee ya mara moja hulipa mwaka wa kwanza, halafu mnara hubaki nusu, na kijana hurudi nyumbani na aibu isiyo yake.

Huko Marekani, vyama vya wanasheria wenye asili ya Amerika ya Kilatini huandaa chakula cha jioni cha kuchangia wanafunzi wa sheria, na vingi hurudia kila mwaka. Tujifunze kwao huko kurudia. Sisi tuna mnada wa mazao baada ya ibada: mikungu ya ndizi, kuku, mayai.

Tunashauri:

1. Bajeti iwe ya masomo yote, si ya muhula mmoja.
2. Ahadi ziandikwe, zikusanywe msimu wa kahawa.
3. Chakula cha wageni kipate mfadhili wake, mchango usije ukaliwa mezani.
4. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni, na stakabadhi isomwe kanisani.

Nanyi wafadhili wetu, ahadi ndogo ya miaka 4 hutufaa kuliko kubwa ya siku moja.

Maswali ya kamati:

(a) Nani usharikani kwetu hana wa kumsemea?
(b) Tukimwanzisha kijana huyu, nani atamlipia mwaka wa mwisho?

Bwana awabariki.