Kusoma Rekodi za Mwalo kwa Lugha ya C

Mwamgongo iko kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na watu wake huenda Kigoma mjini kwa boti. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, hasa kwenye giza la mwezi, kisha huletwa mwaloni asubuhi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Anayetaka kujua kama mapumziko ya namna hiyo yanasaidia hana budi kulinganisha kilo za kabla na za baada, na kilo hizo zikisomwa vibaya na programu, jibu lote linapotea.

Tuseme karani wa mwalo ameandika mtumbwi, aina ya samaki na kilo katika mstari mmoja:

upendo dagaa 35.5

Faili la abiria wa boti litakuwa na sehemu nyingine kabisa, labda tano au sita. Badala ya kuandika fanksheni mpya kwa kila faili, andika moja inayopokea hoja zisizo na idadi maalumu. C huziwakilisha kwa nukta tatu, na zana zake zimo ndani ya stdarg.h:

int soma(FILE *f, const char *umbo, ...)
{
    char mstari[128];
    va_list hoja;
    int n;

    if (fgets(mstari, sizeof mstari, f) == NULL)
        return EOF;
    va_start(hoja, umbo);
    n = vsscanf(mstari, umbo, hoja);
    va_end(hoja);
    return n == EOF ? 0 : n;
}

Huwezi kuchukua nukta tatu ulizopokea na kuzikabidhi moja kwa moja kwa sscanf. Unazifungua kwa va_start, unaikabidhi va_list kwa vsscanf, kisha unafunga kwa va_end. Fanksheni hii pamoja na ndugu zake vscanf na vfscanf ziliingia katika kiwango cha C cha mwaka 1999. Sentensi ya mwisho ya fanksheni isiondolewe: mstari mtupu huifanya vsscanf irudishe EOF, na programu itadhani faili limekwisha huku mizigo ya nusu siku ikiwa bado haijasomwa.

Sasa tuite:

char mtumbwi[20], samaki[16], ziada;
double kilo;
n = soma(f, "%19s %15s %lf %c", mtumbwi, samaki, &kilo, &ziada);

Namba 19 na 15 ni ulinzi. Bila hizo, jina refu litafurika na kuharibu kumbukumbu ya jirani. Alama ya & mbele ya kilo hutoa anwani ambamo thamani itawekwa; mtumbwi na samaki haziihitaji kwa sababu jina la safu tayari linageuka anwani. Kwa double andika %lf, kwa float andika %f. Wanaotoka kwenye printf hukosea hapa, kwani printf huzikubali zote mbili kwa double.

Kuna kosa moja ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele. Ziwa hili ni la nchi nne, na Burundi na Kongo, zilizozoea uandishi wa Kifaransa, hutenga desimali kwa mkato. Rekodi ikija na 35,5, C katika mpangilio wake wa kawaida itasoma 35, itasimama kwenye mkato, na nusu kilo itapotea bila onyo lolote. Ndiyo maana nimeweka %c mwishoni. Mstari safi hurudisha 3 kamili, kwa kuwa baada ya kilo hakuna kilichobaki. Mstari wenye 35,5 au 35kg hurudisha 4. Mtumbwi wenye jina la maneno mawili, kama Upendo Wetu, hurudisha 2, maana "dagaa" haiwezi kuwa kilo. Kwa hiyo sharti ni n == 3, wala si n >= 3. Mstari usiotimiza sharti uandikwe kwenye faili la pembeni ili karani aurekebishe, programu isikisie.

Kompaila haijui kwamba umbo lako ni la scanf, kwa hiyo itanyamaza hata ukisahau &. Kwa GCC au Clang, tangaza fanksheni hivi juu ya faili:

int soma(FILE *f, const char *umbo, ...)
    __attribute__((format(scanf, 2, 3)));

Namba 2 ni nafasi ya umbo, 3 ni mahali hoja zinapoanzia. Kompaili kwa -Wall, na kila hoja isiyolingana na umbo itatajwa kwa namba ya mstari wake kabla programu haijafika mwaloni.