Goti Likianza Kusema, Fomu Iwe Imeshajazwa

Wadogo zangu, kuna mmoja wenu ameniandikia barua ndefu. Anacheza netiboli kwenye timu ya taasisi, anakaribia miaka thelathini, na goti limeanza kumsumbua kila akiruka. Tangu shule ya msingi alitamani kuwa muuguzi. Sasa anaogopa mambo mawili: kuuacha uwanja, na kukaa darasani na watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari anavaa sare za shule.

Mdogo wangu, nakutajia mtu mmoja: Hayley Wickenheiser wa Kanada. Mchezo wake ni wa watu wa baridi, hoki ya barafuni. Wanavaa viatu vyenye makali chini na kukimbizana na kisahani cheusi kwa magongo. Huku kwetu, wanaoujua zaidi ni vijana wa Nairobi waliojifunza kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari na kuunda timu yao, Ice Lions. Usiogope ugeni wa mchezo. Shida alizokutana nazo unazijua.

Alizaliwa 1978 katika mji mdogo wa Shaunavon, jimbo la Saskatchewan, na akaingia timu ya taifa akiwa na miaka 15. Aliichezea kwa miaka 23. Alipata medali nne za dhahabu za Olimpiki (2002, 2006, 2010 na 2014) na moja ya fedha, ya 1998. Katikati ya hayo, mwaka 2000, akaenda Sydney kuichezea Kanada softiboli, maana kuna watu hawatosheki. Katika mechi 276 za taifa alifunga mabao 168.

Haya, sasa tuongee pesa, maana sifa hazilipi kodi ya nyumba. Huyu alikuwa miongoni mwa wanawake bora duniani katika kazi yake, na kwao hapakuwa na ligi ya wanawake ya kumlipa mshahara wa kuishi. Mwaka 2003 alivuka bahari hadi Ufini akajiunga na Salamat, klabu ya wanaume ya mji wa Kirkkonummi, akawa anagongwa na kusukumwa na wanaume wenye miili mikubwa kuliko wake. Akafunga bao, na kwa bao hilo akawa mwanamke wa kwanza kufunga katika ligi ya hoki ya wanaume wanaolipwa. Magazeti yakamwita shujaa. Mimi naona pia mfanyakazi aliyefuata kazi mahali ilipokuwepo, kama wengi wenu mnavyofanya.

Kilichonifanya nimchague ni kingine. Hayley alitamani udaktari tangu utotoni, na hakusubiri kustaafu hoki ndipo aanze kuutafuta. Akiwa bado mchezaji wa taifa alisoma Chuo Kikuu cha Calgary, akachukua shahada ya masomo ya mwili na mazoezi, taratibu, kozi hii muhula huu, nyingine baada ya mashindano. Kwa hiyo alipotangaza kustaafu Januari 2017, mlango wa pili ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka huohuo akaanza shule ya udaktari akiwa na miaka 39. Unasikia, mdogo wangu? Thelathini na tisa! Bingwa wa Olimpiki mara nne akawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, asiyejua kitu mbele ya vijana wadogo. Alihitimu 2021.

Hata hoki yenyewe haikumtupa. Mwaka 2018, akiwa bado anasoma, klabu ya Toronto Maple Leafs ilimpa kazi ya kusaidia kuwalea wachezaji, na 2022 ikampandisha kuwa meneja mkuu msaidizi. Mnaodhani kusoma ni kuusaliti uwanja, liangalieni hilo.

Lipo jambo ambalo watu hulipita haraka, na kwangu ndilo zito kuliko medali. Machi 2020, korona ilipoanza kusambaa, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa bado inasisitiza kwamba michezo ya Tokyo itafanyika. Hayley alikuwa mjumbe wa tume ya wanamichezo ya kamati hiyohiyo. Lakini alikuwa pia mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa ameona hali ilivyo wodini, akasema hadharani kwamba msimamo ule haujali watu. Siku chache baadaye michezo ikaahirishwa. Sidai ni yeye peke yake aliyesababisha. Wanamichezo wengi walilalamika, na Kanada yenyewe ilitangaza haitapeleka timu. Ila ninyi mnaoishi kwa kocha mmoja, kiongozi mmoja, posho moja, mnajua jinsi mdomo unavyokuwa mzito. Mwenye taaluma ya pili husema anachokiona.

Sitakudanganya kwamba wewe na yeye mko sawa. Yeye alikuwa na jina kubwa na nchi inayowapa wanamichezo wake fungu la kujikimu. Wewe una mkataba wa mwaka mmoja na labda watu wanne wanakutegemea. Ndiyo maana nakwambia usiache timu leo. Mshahara wa netiboli ndio ada yako.

Toa cheti chako cha kidato cha nne ulikokificha. Vyuo vya uuguzi ngazi ya stashahada vinaangalia Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kama moja ilikuangusha, jisajili ufanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, usome jioni baada ya mazoezi. Kisha mwone afisa utumishi wa taasisi yako uulize utaratibu wa ruhusa ya masomo, na uiombe kwa maandishi, siyo kwa maneno ya korido. Goti nalo lipeleke kwa daktari. Acha kulikandamiza kwa dawa za kutuliza maumivu za duka la jirani.

Na kuhusu aibu ya kusoma na watoto: wiki ya tatu watakuwa wanakuomba notisi. Dirisha la maombi likifunguliwa, jaza fomu, halafu niandikie unieleze umeomba chuo gani.