Qadari haimwondolei mja jukumu lake

Ndugu zetu Waislamu, liko neno ambalo likitumiwa mahali pake huwa dawa, na likitumiwa pasipo mahali pake huwa sumu. Nalo ni hili: "Ni qadari ya Mungu."

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, huku kwetu upande wa Likoni, ilipinduka wakafa watu 272, Mola awarehemu. Wengi wao walikuwa wakivuka kwenda kazini kisiwani. Chombo kilikuwa na watu wapatao 400, na kiasi chake ni 300. Aliyefiwa akisema "ni qadari" amesema kweli, na neno hilo ni subira kwake. Lakini je, mwenye kukipakia chombo kupita kiasi aweza kulisema neno hilo hilo, akawa hana la kujibu?

Wanavyuoni walikwisha kulizungumza jambo hili tangu zamani. Jabriya walisema kuwa mwanadamu hana hiari, ni kama unyoya mbele ya upepo. Muutazila walisema kuwa mja ndiye aumbaye vitendo vyake, wasije wakamnasibishia Mwenyezi Mungu dhulma. Ama Maashari, wao walisema kuwa Muumba wa vitendo vyote ni Mwenyezi Mungu, na mja ana kasbu, yaani kukusudia kitendo na kukichuma. Na kwa kasbu hiyo ndiyo ataulizwa.

Hata asiyesoma ayajua haya. Mwizi wa kuku akisema "Mungu aliniandikia", hapana mwenye kuku atakayemwachilia kwa hoja hiyo. Basi mbona twaikubali pale walipopotea watu?

Sayyidna Umar (R.A.) alipopata khabari ya tauni katika nchi ya Sham, alirejea na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia qadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia na kuiendea qadari ya Mungu vile vile.

Kwa hivyo qadari ni kitulizo cha moyo kwa msiba uliokwisha kupita. Si ngao ya mkosa, wala si ruhusa ya uzembe wa kesho. Mwenye kutoa idhini ya chombo, mwenye kulinda lango na abiria mwenye kusukuma wenziwe, kila mmoja ana kasbu yake.

Wabillahi tawfiq.