Gitaa, Waya na Kisanduku: Jinsi ya Kurekodi Ukiwa Nyumbani

Ukichomeka gitaa la umeme moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kompyuta, utasikia kitu kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Gitaa halina ubovu, wala kompyuta. Pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, hutoa umeme mdogo sana, na tundu lile lilitengenezwa kwa ajili ya maiki ndogo za hedifoni. Kinachokosekana katikati ni kisanduku ambacho wengi hukiita saundi kadi, na dukani utakikuta pia kwa jina la intafesi ya sauti. Chenyewe huipokea sauti ya gitaa na kuigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta inazielewa, kisha huzigeuza tarakimu hizo kuwa sauti tena kwenye hedifoni zako.

Ununue kipi? Kwa mtu mmoja mwenye gitaa moja, chenye matundu mawili kinatosha. Behringer UM2 ni miongoni mwa vya bei ya chini. Focusrite Scarlett Solo hugharimu zaidi. Usafiri na ushuru huongeza bei, na ukizunguka maduka matatu utatajiwa bei tatu, kwa hiyo zunguka. Jambo la kukagua kabla hujalipa ni kama kuna tundu au kitufe kilichoandikwa INST au Hi-Z. Hapo ndipo mahali pa gitaa: tundu hilo lina ukinzani mkubwa, kwa kawaida ohm milioni moja hivi, na haliunyonyi ule umeme mdogo wa pikapu. Ukichomeka kwingine sauti itaingia, ila itakuwa imefifia, nyuzi nyembamba hazing'ai. Kitufe cha 48V kiache kimezimwa. Hicho ni cha maiki za kondensa.

Waya uwe ule wa gitaa wenye jeki kubwa za milimita 6.35 pande zote mbili, na mita tatu zinatosha. Usichukue waya wa spika hata kama jeki zinafanana, kwa sababu hauna wavu wa kuzuia mivumo. Na kamwe usitoe waya kwenye tundu la spika la amplifaya ukauingiza kwenye kisanduku. Utakiunguza.

Sasa kompyuta. Kama unatumia Mac, mara nyingi ni kuchomeka tu. Kwenye Windows unahitaji dereva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa. Ipakue kwenye tovuti ya waliokitengeneza, na uchague ya aina ya ASIO. Visanduku vya bei ya chini kabisa mara nyingi havina ya kwao, basi tumia ASIO4ALL, ni ya bure. Programu ya kurekodia ninayowashauri wanaoanza ni Reaper: unaijaribu siku 60 bila malipo, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mwenye Mac anayo GarageBand bure.

Ndani ya programu, chagua kisanduku chako kama njia ya kuingiza na ya kutoa sauti, kisha kiwango cha sampuli 44100 au 48000 kwa sekunde, na biti 24 kama kinaruhusu. Fungua traki moja ya mono. Ukifungua ya stirio, gitaa linaweza kusikika sikio moja tu, nawe utashinda mchana mzima ukilaumu hedifoni.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu rekodi nyingi kuliko vifaa duni: geini, yaani kiasi cha sauti unachokiruhusu kuingia. Fungua volyumu ya gitaa hadi mwisho. Shusha geini ya kisanduku hadi chini kabisa. Halafu piga kwa nguvu zako zote, kama utakavyopiga kiitikio watu wakiwa wamesimama, huku ukiipandisha pole pole. Simama pale kilele kinapogusa desibeli 12 chini ya sifuri. Wengi hupima geini kwa kudonoa nyuzi kistaarabu, kisha wakibonyeza kitufe chekundu damu inachemka na mkono unaongeza nguvu. Kwa hiyo acha nafasi. Sauti ndogo utaikuza baadaye bila shida. Iliyogonga sifuri imepasuka, na haishoneki.

Mbona nikipiga sauti inachelewa? Kompyuta hukusanya sauti kwenye bafa, tuseme ndoo ndogo, kabla ya kuichakata. Ndoo ikiwa ya sampuli 128, kila upande unachelewa milisekunde 3 hivi. Ikiwa 1024, unachelewa zaidi ya 20, na mkono unapoteza mdundo. Rekodi kwa 128. Ukisikia mikwaruzo, panda hadi 256. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, weka 1024 kompyuta ipumue.

Sauti itakayoingia itakuwa kavu, haina amplifaya. Neural Amp Modeler, programu ya bure inayoigiza amplifaya, huwekwa juu ya traki, na unaweza kuibadilisha hata mwezi ujao.

Na mwenye gitaa kavu? Lisipokuwa na pikapu, tafuta maiki ya kondensa, na hapo ndipo 48V inawashwa. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu la gitaa, besi itavuma. Mpiga gitaa wa Kongo, Mwenda Jean Bosco, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kwa gitaa kavu na sauti yake, na hadi leo wapiga gitaa wanahangaika kumfuatisha.

Limebaki suala la mvumo. Mimi nilibadilisha nyaya mbili na nusura nimpelekee fundi gitaa, kumbe mkosaji ni chaja ya kompyuta. Nilipoichomoa, kimya. Jaribu hilo kwanza. Kisha geuka taratibu ukiwa umekaa na gitaa, utapata upande ambao mvumo unapungua, na uiweke simu mbali. Pini ya ethi usiikate hata ukishauriwa; ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme.

Ila ukirekodi bila chaja, angalia betri, na kila ukimaliza kupiga hifadhi kazi yako: bonyeza Ctrl na S, au Cmd na S kwenye Mac.